Kwa Nini Vifaa Vinarudi Stoo Jioni

Siku ya kwanza kazini nilifika na viatu vya kuazima. Ofisi ya kilimo ya wilaya, hapa Sumbawanga, ilikuwa wakati ule nyumba ndefu ya bati yenye mlango uliogonga kila upepo ulipovuma, na upepo wa Ufipa mnaujua wenyewe. Afisa Kilimo wa Wilaya, mtu mnene mwenye sauti ndogo, alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye vile viatu.

"Wewe ndiye bibi shamba tuliyeletewa?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula." Sikuwa nimekula chochote.

Akanikabidhi vifaa kimoja kimoja juu ya meza yake. Baiskeli nzito ya kiume iliegemezwa ukutani. Mabuti ya mvua. Kamba ya nafasi, yaani kamba yenye mafundo ambayo unaivuta shambani, na penye fundo ndipo panapochimbwa shimo. Mwisho akatoa kisu cha kubebeshea. Kwa wasioijua kazi yetu, kubebesha ni kuchukua kikonyo cha mti wenye matunda mazuri na kukiunganisha juu ya mche mgumu wa kienyeji, kisha kuvifunga kwa utepe wa nailoni mpaka vishikane. Kisu chake ni kidogo, cha kukunja, kinaingia mfukoni.

"Hiki si cha kumenyea viazi," alisema. "Ni mali ya serikali, lakini kinalala kwako. Kikipotea, ujue mshahara wako utakifuata."

Nina sababu ya kuanza na maneno hayo. Vijana wa ofisi ya sasa mlipokuja kunijulia hali juzi, mliniambia mkuu wenu mpya anataka kuifuta ile desturi ya kurudisha vifaa vyote stoo kila jioni, maana ametafuta waraka unaoiagiza na hakuupata. Mkaniuliza mimi niliyekuwa mkuu kabla yake imetoka wapi. Niliwajibu kwa mzaha, nikawapa togwa, mkaondoka mkicheka. Kisha nikakaa na swali lenu siku kadhaa na likanikosesha raha. Waraka haupo kweli. Desturi hiyo ilianzishwa na mtu mmoja kwa ajili ya mtu mmoja, na huyo mtu mmoja ni mimi.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa kijiji cha juu, chini ya milima ya Mbizi, ambako mwezi wa saba mtu anatoka nje na pumzi yake inaonekana. Kazi ya bibi shamba ilikuwa kutembea. Asubuhi unafika kwa mkulima huyu, mchana kwa yule, jioni unarudi umebeba maharage uliyopewa kwa heshima. Wilaya ilitaka tufundishe matuta marefu yaliyonyooka. Wakulima wao walikuwa na matuta yao ya duara, intumba kwa Kifipa: mvua zinapoelekea mwisho wanageuza majani na kuyafunika kwa udongo yaoze, wanapanda maharage juu yake, na msimu unaofuata wanayasambaza wapande ulezi. Nilifundisha kama nilivyotumwa. Bibi mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa upole, "Sasa mwanangu, kwenye hayo marefu majani yanaoza wapi?"

Nilikunja kamba yangu nikaenda kwa jirani yake. Afisa Kilimo alipokuja ukaguzi na kuuliza mistari iko wapi, nilimwonyesha shamba la shule. Lile lilikuwa na mistari, na mahindi yake yalikuwa mafupi kama watoto wa darasa la kwanza. Alicheka mpaka akakaa chini. Hakuniuliza tena habari za mistari.

Nawasimulia haya ili mjue kwamba mchana nilikuwa mtu wa kucheka na watu. Kazi niliipenda. Ila siku za kazi zina jioni, na jioni zangu zilikuwa na nyumba moja ya matofali mabichi, taa ya chemli na mimi. Mtoto wangu wa pekee alifariki kabla hajaanza kutembea. Mume wangu alikwenda Tunduma kutafuta kazi ya magari, akatuma salamu mara chache, kisha salamu nazo zikakoma. Watu walikuja kwenye msiba wa mtoto, wakalia nami, wakarudi kwenye mashamba yao kama ilivyo haki ya watu wenye mashamba. Nilibaki nikisikiliza upepo ukisukuma mlango kama mtu anayetaka kuingia, na hakuna aliyeingia.

Ndipo nilipoanza kujiumiza. Sitaeleza jinsi, maana haimsaidii mtu kujua. Nitasema tu kwamba sikutaka kufa. Ndani mwangu kulikuwa na kelele isiyo na maneno, na kwa kitambo kifupi maumivu ya mwili yaliinyamazisha, kisha ikarudi ikiwa imeongezewa aibu. Yeyote anayeijua hali hiyo ataelewa, na asiyeijua namwomba asihukumu.

Hakuna aliyegundua. Kule juu kila mtu anavaa sweta. Padri anavaa sweta ndani ya kanzu, watoto wanacheza mpira na masweta, bibi harusi anavaa sweta na watu wanaona ni akili. Mikono yangu ilikaa ndani ya sufu ya rangi ya ugoro miaka yote ile, na nilisifiwa kuwa mtu ninayejitunza na baridi. Mtu anaweza kupotea katikati ya watu wanaomsalimia kila asubuhi.

Kisha nikahamishwa. Mihogo ya mwambao wa ziwa ilikuwa imeshambuliwa na batobato, ugonjwa unaokunjakunja majani na kuyatia mabaka ya njano, na walihitaji mtu wa kuanzisha kitalu cha mbegu safi. Afisa Kilimo wa Nkasi, pale Namanyere, alinikaribisha kwa kikombe cha chai na habari fupi.

"Unakwenda Wampembe. Samaki wapo, barabara haipo. Maswali?"

"Nitakaa na nani?"

"Utakaa na joto," akasema.

Hakukosea. Lori lilituteremsha kutoka ukingoni mwa nyanda za juu, kona baada ya kona, na kila kona tuliyoshuka abiria walivua nguo moja. Walianza na makoti, vikafuata vitambaa, mwisho masweta. Tulipofika chini, penye harufu ya dagaa walioanikwa mchangani, nilikuwa peke yangu mwenye sufu, jasho likinitiririka mpaka kwenye mabuti.

Kituo kilikuwa na watu wachache. Bwana Samaki, afisa uvuvi, alikuwa kijana wa maneno mengi. Mkuu wa Kituo alikuwa mzee mwembamba mwenyeji wa Kasanga, mswalihina asiyekosa sala, bwana shamba wa zamani aliyezungumza polepole hadi ukadhani amesahau aliloanza kusema. Bwana Samaki alinianza siku ileile.

"Dada, hilo sweta umeambiwa huku kuna theluji?"

"Nina homa kidogo."

Wiki iliyofuata akauliza, "Homa haijapona?"

"Wafipa ndivyo tulivyo," nikamwambia. "Tunaanza kuhisi joto mwezi wa tatu tangu tufike."

Kila mtu alicheka. Mkuu wa Kituo hakucheka. Alikuwa anatazama mche wa mchungwa mkononi mwake, na aliponisemesha baadaye ilikuwa habari za mbolea.

Siku moja asubuhi nilikuwa peke yangu kitaluni nikimwagilia. Maji ya pipa yalikuwa yamekaribia kuisha, na ili kopo lifike chini ilibidi nipandishe mkono wa sweta. Nilipoinuka, Mkuu wa Kituo alikuwa amesimama upande wa pili wa pipa na ndoo yake. Alikuwa ameona. Nami nikaona kwamba ameona. Aliinama akagusa chini ya pipa.

"Hili pipa linavuja hapa," alisema. "Tutafute lami tulizibe."

Akateka maji yake akaenda. Kutwa nzima nilingoja kuitwa ofisini, nikapanga uongo wa kila aina, wa mbuzi, wa miiba, wa waya wa boma. Sikuitwa.

Kesho yake alitukusanya wote na kutangaza kwamba kuanzia siku hiyo vifaa vyote vya kazi vitarudi stoo kila jioni kabla ya kufunga ofisi. Majembe, mapanga, mikasi ya kupogolea, visu vya kubebeshea, kila kitu. Asubuhi mtu atachukua chake. Ufunguo atakaa nao yeye mwenyewe.

Pakawa na manung'uniko. Bwana Samaki alisema kisu chake cha nyavu anakitumia hata nyumbani. Mlinzi akauliza panga lake je. Na aliyelalamika kuliko wote, naona haya kuikumbuka sauti yangu, nilikuwa mimi.

"Mzee, tangu nianze kazi kisu hiki kinalala kwangu. Ina maana hatuaminiwi?"

"Mnaaminiwa sana," alijibu. "Vyuma ndivyo nisivyoviamini. Huku ziwani vinashika kutu haraka. Stoo nitakuwa nikivipaka mafuta."

Akavipaka kweli. Kila jioni ungemkuta amekaa kizingitini na kopo la mawese, anafuta kifaa kimoja baada ya kingine kwa kitambaa, mtaratibu kama mtu anayeosha vyombo vya wageni.

Jioni hiyohiyo mkewe, Mama Salma, alinipitia nyumbani. Mwanamke mkubwa wa umbo, mwenye amri. Alitazama jiko langu, akatazama masufuria yangu mawili.

"Wewe unapika peke yako, unakula peke yako?"

"Ndiyo, mama."

"Chakula cha mtu mmoja hakina ladha. Funga hivyo vyombo vyako uvilete kwangu. Tutapika pamoja, utakula kwangu, kulala ndiyo utalala kwako."

Alivichukua vyote mpaka kisu cha kukatia vitunguu, akavibeba kichwani ndani ya beseni. Sikushuku kitu. Nilifikiri ndivyo walivyo watu wa ziwani, wanaingia nyumbani mwa mtu kama kwao.

Siku chache baadaye Mkuu wa Kituo aliniita kitaluni tujaze viriba. Kiriba ni mfuko mdogo wa nailoni unaojazwa udongo, ndimo mche unamokulia. Kazi yenyewe ni ya mikono tu: unachota udongo uliochanganywa na samadi, unajaza, unagonga chini ushuke, unajaza tena. Tulijaza hivyo mpaka akasema, bila kuniangalia:

"Binti, sitakuuliza kwa nini. Nakuuliza inakuja lini."

Nilitaka kusema, "Nini inakuja lini?" Machozi yakanitangulia.

"Jioni," nikasema. "Watu wakishaingia majumbani."

"Ikija inakaa muda gani?"

"Sijui, mzee."

"Hujui vipi na ni yako?"

"Sijawahi kungoja nione."

Aligonga kiriba chake chini, akakiweka kwenye mstari. "Basi tuanzie hapo. Mkulima akija kusema mihogo yake inaugua hatumpi dawa siku ileile. Tunakwenda kuangalia. Wewe jioni ikija, usipigane nayo na usiitii. Njoo hapa ujaze viriba. Kama mimi sipo, Mama Salma yupo. Utatuambia neno moja tu, imekuja. Hatutakuuliza la pili."

Nilimwambia siwezi kumsumbua mtu kila jioni kwa jambo kama hilo.

"Viriba vinatakiwa vingi," alisema. "Unatusaidia."

Jioni ya kwanza nilifika kwa Mama Salma nikasimama mlangoni kama mwombaji. Nilisema lile neno kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Alikuwa anapara samaki, mgebuka wa ziwani. Aliacha, akanawa, akanishika mkono tukaenda kitaluni. Alikaa kando akinisimulia ugomvi wa mashemeji zake nami nikijaza udongo. Kile kitu kilipanda, nikawa najaza viriba na nusu ya udongo unamwagika pembeni. Kisha sikujua ni saa ngapi, nikajikuta nimemuuliza, "Sasa yule shemeji alirudisha kitanda au hakurudisha?" Ndipo nilipogundua kwamba imepita. Haikuisha, ila ilikuwa imepita. Maishani mwangu sikuwahi kujua kwamba inaweza kupita yenyewe.

Msidhani nilipona kama wanavyopona watu wa kwenye hadithi. Kuna jioni ya mvua sikutoka, nikajiumiza tena, kwani mwenye kutafuta hakosi. Asubuhi sikutaka kuonekana. Mkuu wa Kituo alikuja mpaka mlangoni, akanipeleka zahanati, akakaa nje akingoja. Tabibu alinisafisha bila kunisema, akaniambia kidonda cha nje anakiweza, lakini kwa kilichobaki anahitaji msaada. Aliniandikia nikaonane na muuguzi wa afya ya akili hospitalini Sumbawanga. Njiani kurudi nilimwambia mzee kwamba nimeharibu kila kitu.

"Mche mmoja ukinyauka hatung'oi kitalu," alisema. "Tena umesimama imara siku nyingi. Hizo hazijafutika."

Yule muuguzi alikuwa mtu wa kwanza kuniambia kwamba hali hii ina watu wengi, wanaume kwa wanawake, wakubwa kwa watoto wa shule, na kwamba si wazimu wala si kujidekeza. Nilimwendea kila nilipopata usafiri wa kupanda juu. Mambo aliyonifundisha ni ya kawaida kabisa. Hamu ikianza, toka chumbani, usibaki mahali palepale. Nawa uso kwa maji ya baridi. Ipe mikono kazi inayochosha. Ahirisha kidogo, kisha ahirisha tena kidogo. Kinachoweza kukuumiza kiwe mbali nawe, kwa mtu mwingine, ungali na akili tulivu. Na mtu mmoja, angalau mmoja, awe anajua. Hili la mwisho ndilo lililonishinda kuliko yote.

Sweta nililivua mwaka huo. Bwana Samaki aliniona na mikono wazi, makovu na yote, akafungua kinywa kusema neno lake la kila siku, akakifunga. Kisha akasema, "Afadhali. Nilikuwa naona joto kwa ajili yako." Nikacheka mpaka nikalia.

Miaka ikaenda. Mkuu wa Kituo alistaafu akarudi kwao Kasanga, nami nikapewa kituo. Nikashika ufunguo wa stoo na kopo la mawese. Siku moja alikuja mkaguzi kutoka mkoani, kijana nadhifu, akaona foleni ya watu wakirudisha majembe na visu.

"Hii ni kwa mujibu wa waraka upi?"

"Ilikuwepo," nikamwambia. "Kwa sababu ya kutu."

"Mama, kutu ya jembe?"

Nilirudi ndani nikakaa. Kutu ya jembe. Jembe linalolimiwa kila siku linashika kutu lini? Niliyapitia upya mambo yote, pipa, kesho yake, Mama Salma na lile beseni, moja baada ya jingine, na kila moja likasimama mahali pake.

Nilipanda boti la mizigo kwenda Kasanga. Nilimkuta mzee amekaa mbele ya nyumba yake akitazama vibarua wakipakia saruji ya kwenda Kongo. Macho yake yalikuwa yamefifia, alinitambua kwa sauti. Baada ya salamu na habari za wote, nikamuuliza kama ile sheria ya stoo aliileta kwa ajili yangu.

"Ningefanyaje?" akasema. "Ningekunyang'anya wewe peke yako, kila mtu angejua. Nikaona tunyang'anywe wote."

"Nilikupigia kelele mbele ya watu, mzee."

"Ulinisaidia. Bwana Samaki aliponiona nakukatalia hata wewe, akanyamaza."

Sikuweza kusema asante. Ilikuwa ndogo mno. Nilichukua mkono wake, ule wa kupaka mafuta, nikaushika mpaka boti likapiga honi. Sikumwona tena akiwa hai.

Kila kituo nilichopelekwa baada ya hapo nilikwenda na desturi hiyo, hadi hapa Sumbawanga nilikomalizia kazi kama mkuu wenu. Mlininung'unikia na nikawaacha mninung'unikie. Nilisema kutu. Mliniita Mama Kutu, msidhani sikusikia. Sijui kama kuna mwingine iliyemfaa. Kuna dereva mmoja, mtu mkimya, ambaye siku aliyohama alikuja kuniaga. Alisema, "Mama, ile stoo yako..." kisha akatazama chini, akanishika mkono kwa mikono yake miwili akaondoka. Labda alitaka kunilalamikia. Nimeamua kuamini vinginevyo.

Sasa nifike kwenye kustaafu, ambako mtu huambiwa atapumzika. Mliniandalia sherehe nzuri. Palikuwa na wali, nyama, hotuba, vitenge. Mwisho mkaleta zawadi ndani ya kisanduku cha mbao kilichopakwa vanishi, na mshereheshaji akasema mmefikiria sana nini kinamfaa bibi shamba aliyetumikia nyanda za juu na mwambao. Nikafungua. Ndani palikuwa na kisu changu cha kubebeshea, kimenolewa, kimepakwa mafuta, kimelazwa juu ya kitambaa chekundu.

Mlipiga makofi, nami nikatabasamu kwenye picha. Hamkuwa na kosa lolote, mngejuaje. Nilirudi nacho nyumbani kwenye pikipiki nimekipakata. Miaka yote ya kazi tangu Wampembe sikuwahi kulala nyumba moja na kisu kile.

Mwanzoni nilikuwa na shughuli, nikapanda parachichi nyuma ya nyumba. Kisha zikaja mvua. Simu zikapungua, jambo la kawaida, kila mtu ana kazi zake. Ikawa siku tatu nzima sijazungumza na mtu zaidi ya kusalimiana na muuza maziwa. Na jioni moja, mvua imekatika na upepo umeanza kusukuma mlango, ile hali ikarudi. Nilidhani ilikwisha kufa zamani. Kumbe ilikuwa imelala, na ilinikuta katika umri huu, mama mwenye mvi na makovu yaliyokwisha sahaulika, nikikitazama kile kisanduku juu ya kabati.

Nilinawa uso kwa maji ya baridi. Nikatoka nje. Sikuwa na viriba. Sikuwa na stoo, na mwenye ufunguo yuko kaburini Kasanga. Nilisimama uani nikajiambia, kwa sauti, "Imekuja." Hakuna aliyejibu, na nikaelewa kwamba neno lile halifanyi kazi mtu akijiambia mwenyewe.

Ng'ambo ya njia anakaa Mama Deo, mjane kama nilivyo mimi kwa namna yangu, mwuza maandazi. Tulikuwa tunasalimiana kwa miaka bila kukaa pamoja. Nilirudi ndani, nikabeba kisanduku kama kilivyo, nikavuka. Alikuwa anaingiza kuku bandani.

"Karibu mwalimu wa shamba. Una nini hapo?"

"Naomba unitunzie."

Alifungua, akaona, akanitazama. "Kisu? Kwako kuna wezi?"

Ningeweza kusema kutu. Nusura niseme. Lakini nilimkumbuka mzee, aliyelazimika kuwadanganya watu wote ili mimi nisiseme, nikaona kwamba zamu hii hakuna wa kudanganya badala yangu. Nikamwambia. Si yote, maneno machache tu, nimesimama pale kwenye tope, kuku wakipita miguuni. Nilimwambia kwamba kuna jioni si salama mimi kukaa nacho, wala kukaa peke yangu.

Mama Deo hakushika kichwa wala hakumtaja shetani, kama nilivyoogopa. Alifunga kisanduku, akakitia chini ya kwapa.

"Na asubuhi unakihitaji?"

"Asubuhi nakihitaji. Nina parachichi za kubebesha."

"Na jioni utakirudisha."

"Nitakirudisha."

"Basi njoo kabla sijafunga kuku," alisema. "Nikishafunga sipendi kutoka tena. Na ukija, njoo umekula nusu tu. Unga wa maandazi unakandwa jioni, nami mikono inaniuma siku hizi."

Ndivyo tunavyofanya mpaka leo. Asubuhi nachukua, jioni narudisha, kisha nakanda unga. Kuna siku naweza kumwambia imekuja, naye anaongeza maji kwenye unga ili kazi irefuke, ananisimulia habari za wakwe zake. Siku nyingi haiji. Hospitalini nako nimerudi. Muuguzi wa sasa ni binti mdogo kuliko watoto wa dada yangu, anasikiliza vizuri.

Upweke bado ninao, sitawadanganya kwa hilo. Nyumba ni ileile na upepo ni uleule.

Mwonyesheni mkuu wenu karatasi hizi, sijali tena nani atasoma. Akitaka kuifuta desturi, ni haki yake, yeye ndiye mwenye ofisi. Ila kabla hajaifuta, namwomba jioni moja akae pale kizingitini mwa stoo na kitambaa na mafuta, apokee vifaa kwa mikono yake mwenyewe, amtazame kila anayeleta. Na wewe unayesoma huku mkono wako wa sweta umeuvuta mpaka kwenye vidole, mimi sitakuuliza kwa nini. Nenda zahanati. Mwambie mtu mmoja. Nyumba yangu mnaijua, na parachichi zinahitaji viriba vingi.

Niishie hapa. Mama Deo ameanza kuita kuku.